Mchezo umechosha: tungoje utengenezwe, au tuondoke?

Vijana wa Lubumbashi wanaocheza RPG za mtandaoni, yaani michezo ya kumkuza mhusika wako katika dunia ya kubuni pamoja na wachezaji wengine, wana jina moja la kumnyamazishia yeyote anayetaka kuacha: Final Fantasy XIV. Lalamika kwamba mchezo wako umeoza, kwamba kazi za leo ni zile zile za jana na ahadi za watengenezaji zimebaki ahadi, na mtu atakujibu, "Ngoja kwanza, yaya. Umesahau Final Fantasy?"

Hoja hiyo si ya kupuuza, maana ilitokea kweli. Mchezo huo ulitoka Septemba 2010 ukiwa mzigo mtupu: menyu nzito, mabonde yanayojirudia ramani nzima, mwendo wa kukwamakwama. Desemba mwaka huo huo kampuni ya Square Enix iliomba radhi hadharani, ikabadilisha uongozi na kumkabidhi kazi Naoki Yoshida. Yeye akachagua njia ngumu. Aliendelea kuutibu mchezo wa zamani huku akijenga mwingine mpya kando. Novemba 2012 seva za zamani, yaani kompyuta za kampuni zilizouendesha mchezo, zilizimwa, na ndani ya hadithi yenyewe dunia ile ikateketezwa mbele ya macho ya wachezaji wake. Agosti 2013 mchezo ulirudi umezaliwa upya, na leo ni miongoni mwa mikubwa kabisa ya aina yake. Fallout 76 nao ulitoka Novemba 2018 bila binadamu wa kuzungumza naye isipokuwa wachezaji wenyewe. Aprili 2020 wahusika wa kuzungumza nao wakaletwa, na baadhi ya waliokuwa wakiucheka wakarudi.

Kwa hiyo wanaosema tungoje hawaoti. Shida ni kwamba wanahesabu waliofufuka tu. Anthem ya BioWare ilitoka Februari 2019 na kuvunja mioyo. Februari 2020 wenyewe walitangaza kwamba wataujenga upya, Februari 2021 wakatangaza kwamba wameachana na mpango huo, na Januari 2026 seva zikazimwa. Kwa kuwa mchezo wote uliishi kwenye seva, aliyeununua kwa pesa yake leo hana cha kufungua. WildStar ilizinduliwa Juni 2014, Novemba 2018 ikafungwa. New World ya Amazon ilianza Septemba 2021 na watu zaidi ya 900,000 kwa wakati mmoja kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, na Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba hautaongezewa kitu kipya tena, ingawa miaka ile yote ulikuwa umerekebishwa mara nyingi. Huo ndio unaonisumbua kuliko yote. Hata mchezo uliopona unaweza kukosa watu.

Tukibaki kwenye kuhesabu waliopona na waliokufa, ubishi hautaisha. Mimi naona swali lenye faida ni jingine: wakati mchezo unangojewa, nani anailipia hiyo subira?

Turudi kwa Final Fantasy XIV, maana kuna sehemu ya hadithi yake ambayo washabiki wa subira huiruka. Mchezo ule ulitakiwa kulipiwa kila mwezi. Baada ya kuona ulivyo mbovu, Square Enix haikudai ada hiyo hadi Januari 2012. Kwa zaidi ya mwaka mzima kampuni ndiyo iliyobeba hasara ya kungoja. Hapo mtu anaweza kuvumilia bila kujiona mjinga. Sasa angalia RPG nyingi za simu tunazolalamikia hapa. Gumzo linakatika, kazi inakwama katikati, vita vinaganda, lakini duka? Sijawahi kuona duka la ndani ya mchezo likiharibika. Kampuni inayoomba subira huku ikiendelea kuuza mavazi na bahati nasibu imeshakuonyesha ni upande gani inautengeneza kwanza.

Na hata kampuni ikisamehe ada, mchezaji wa Lubumbashi bado analipa. Yule kijana wa Ufaransa anayefanya video za kutuhimiza tuvumilie ana intaneti ya mwezi mzima isiyo na kikomo. Sasisho la gigabaiti kadhaa kwake ni muda wa kunywa kahawa. Kwa kijana wa Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, anayenunua mega za intaneti kwa siku au kwa juma, sasisho hilo ni franga alizokusanya, na likikatika katikati kwa sababu umeme umekwenda, anaweza kuanza upya. Zaidi ya hapo, michezo hii haikutengenezwa ikitufikiria. Genshin Impact, kwa mfano, ina seva za Amerika, Ulaya, Asia, na moja ya Taiwan, Hong Kong na Macao. Afrika haimo. Sisi tunaingia kwa mlango wa Ulaya, na kila pigo la upanga linasafiri bara zima kabla adui hajaanguka. Kulipia nako ni safari: mchezo unataka kadi ya benki, mchezaji ana M-Pesa au Airtel Money, basi anamwomba kaka aliyeko ng'ambo amnunulie, na deni hilo la heshima hukaa muda mrefu kuliko vito vya mchezo vilivyonunuliwa. Kwa hiyo nikisikia "vumilia", nauliza anayesema analipia mega zake vipi.

Kwa nini basi watu hawaondoki? Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha utafiti ambao ndani yake kuna jaribio dogo zuri. Wanunuzi wa tiketi za msimu za ukumbi wa maigizo waligawanywa bila kujua: baadhi walilipa bei kamili, wengine wakapata punguzo. Waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu, ingawa maigizo yalikuwa yale yale. Pesa iliyokwisha kutoka iliwasukuma kukaa kitini. Mchezaji aliyemkuza mhusika wake kwa miezi yuko hivyo hivyo: anatetea alichokwisha kutoa, wala si anachofurahia jioni hii.

Watengenezaji wanalijua hilo na wanaliongezea moto. Katika Genshin Impact kuna nguvu inayoitwa resini, ambayo mchezaji huitumia kuchukua zawadi; huongezeka kimoja kila dakika nane hadi 200 na kusimama. Piga hesabu: inajaa kwa saa 26 na dakika 40. Ukikaa nje siku mbili, ile ambayo ingeongezeka baada ya kujaa imepotea, na unajiona umeibiwa kitu ambacho hukuwahi kukishika. Mtaa ukikosa umeme siku mbili, mtu anawaza resini kabla ya kuwaza nyama iliyo kwenye friza. (Mama mwenye nyama anawaza vingine, na ana haki.)

Upande wa kubaki una hoja moja ambayo siwezi kuibomoa, nayo ni watu. Mchezo wa namna hii ni kama teksi ya kwenda Ruashi inayongoja kujaa: kila anayeshuka anawachelewesha waliobaki, na kila aliyebaki ni sababu ya mwingine kupanda. Mapambano makubwa ya Final Fantasy XIV huhitaji wanane, na mganga, yule anayewaponya wenzake vitani, akiondoka saba wanakaa wanatazamana. Katika gilde, yaani kundi la wachezaji wanaocheza pamoja, ya wanaozungumza Kifaransa unakuta wa Kolwezi, wa Abidjan na wa Lille wakicheka pamoja saa nne usiku. Mchezo niliouacha mimi, ambao jina lake halina maana hapa, ulikuwa mbaya kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Watu husema, hamieni WhatsApp, urafiki utaendelea. Unaendelea kidogo. Nilivyoona, makundi mengi ya aina hiyo hugeuka kuwa ya kutakiana heri ya mwaka mpya, kwa sababu waliozoea kuzungumza huku mikono ikifanya kazi wanakosa la kusema mikono ikiwa mitupu. Kinachofanikiwa zaidi ni gilde kuhama pamoja kwenda mchezo mwingine, wakikubaliana kabla yeyote hajafuta kitu. Asiye na gilde, anayeingia kila siku kuchukua zawadi ya siku na kutoka, hoja hii haimhusu. Huyo namwambia aondoke leo.

Maana kuondoka hakufungi mlango. Waliokimbia mwaka 2010 waliukuta mchezo mpya mwaka 2013 sawa na waliobaki. Tofauti ilikuwa ndogo: waliolipia siku za kutosha mwaka 2012 walipewa ada nafuu ya kudumu na majina yao yakaandikwa mwishoni mwa mchezo. Hiyo ndiyo zawadi nono zaidi ya subira ninayoijua katika michezo hii, na ni dola chache kwa mwezi.

Anayeondoka atoe kwanza namba ya kadi, hasa kama kadi si yake, kisha afute mchezo kwenye simu apate nafasi yake. Akaunti aiache ilivyo, isipokuwa kampuni imesema akaunti zisizotumika zitafutwa. Kuiuza kwenye makundi ya WhatsApp, kama vijana wengi wanavyojaribu ili warudishe walichotumia, ni jambo jingine. Sheria za michezo mingi zinakataza, na muuzaji aliyebaki na barua pepe ya mwanzo anaweza kuirudisha akaunti mikononi mwake baada ya kupokea pesa. Mnunuzi hana pa kushtaki: kwa kampuni, yeye ndiye mvunja sheria.