“Ni vitamini tu, mwanangu”

Shangazi yangu anakaa Makorora, na dawa zake anazitunza kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la vyombo. Idi iliyopita nilikwenda kumwamkia, akaniomba nimshushie hilo kopo kwa kuwa miguu ilikuwa inamsumbua. Ganzi, tangu vidoleni mpaka vifundoni. Nikavimimina vilivyomo kwenye sinia: karatasi moja ya vidonge vya presha, na chupa nne za vitamini.

“Hivyo vya presha sizidishi hata kimoja,” akanambia. “Hizo chupa ni vitamini tu, mwanangu. Nikijisikia mnyonge naongeza.”

Hilo “tu” ndilo linalonikera. Mtu wa hapa Tanga ukimpa dawa ya malaria atakuuliza kutwa mara ngapi, kabla ya kula au baada. Mpe chupa ya vitamini, haulizi kitu. Kaletewa na jirani aliyejiunga na biashara ya mtandao, au kanunua mwenyewe Ngamiani bila cheti, na anameza kama anayetafuna karanga.

Nikavaa miwani nisome yale maandishi madogo kama sisimizi. Chupa ya kwanza, vidonge vya mishipa ya fahamu: vitamini B6, miligramu 200 kwa kidonge. Chupa ya pili, mchanganyiko wa vitamini B: B6 tena. Mwanamke wa umri wake anahitaji kama miligramu 1.5 kwa siku. Marekani ukomo kwa mtu mzima ni miligramu 100. Ulaya mwaka 2023 waliushusha hadi 12. Na B6 ikizidi kwa muda mrefu huidhuru mishipa ileile ya fahamu, na dalili yake ni ganzi ya mikono na miguu. Yaani unameza kidonge cha ganzi, ganzi inazidi, unaongeza kidonge! Sisemi ya shangazi imetoka huko, maana hata kisukari huleta ganzi. Lakini ukishindilia B6 hivyo, daktari naye atajuaje aanzie wapi?

Wapo watakaosema vitamini ikizidi unaikojoa. Kwa vitamini C ni kweli kwa sehemu kubwa, ingawa ukipita miligramu 2,000 kwa siku tumbo laweza kukuendesha. Vile vidonge vinavyochemka kwenye glasi vingi vina miligramu 1,000, karibu sawa na machungwa kumi na manne. Muheza kwenyewe hujamwona mtu akala machungwa kumi na manne kwa mkao mmoja. Vitamini A, D, E na K ndizo hazikojoleki kirahisi. Huyeyuka kwenye mafuta na kujilimbikiza mwilini. D ikizidi sana hupandisha kalisi (kalsiamu) kwenye damu na kuumiza figo. Vidonge vya A vyenye dozi kubwa, mama akivimeza mimba ikiwa changa, vinaweza kumlemaza mtoto tumboni.

Kinachonigusa zaidi kilitokea Pemba, ng’ambo ya bahari hapo. Watafiti waliwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki, nia ikiwa njema kabisa: kupunguza upungufu wa damu. Agosti 2003 ilibidi wasitishe kuwapa chuma, kwa sababu waliokuwa wakipewa walikuwa wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Inadhaniwa ni kwa sababu Pemba ya wakati huo ilikuwa na malaria nyingi. Matokeo yalichapishwa 2006. Lakini katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika. Kidonge kilekile, kisiwa kilekile. (Wajawazito, vidonge vya damu mnavyopewa kliniki msiviache kwa sababu yangu. Hivyo mmepimiwa.)

Nikamwambia shangazi aende kupima sukari, na hizo chupa zote nne azibebe akamwonyeshe daktari. Akanyamaza. Kisha akazifunga kwenye mfuko, moja moja, ile ya mishipa akaishika mwisho, akaitikisa asikie vimebaki vingapi.

“Elfu thelathini hii,” akasema. “Duka watanirudishia?”