Mambo ya inje njo bukari yetu

Juma hii kuko video moja inazunguka mu WhatsApp za hapa Lubumbashi. Depite mumoja wa opozisyo amesimama mu plenyere, anauliza serkali juu ya yale makubaliano ya Washington, ya amani na Rwanda na ya mali ya udongo na Marekani, na chini yake watu wa muji wetu, wengine ninawajua ni watu wenye wamesoma, wanaandika: "Aongelee barabara za Katuba, mambo ya Amerika aachie wakubwa." Mwingine: "Anatafuta jina." Mwingine tena: "Opozisyo kazi yao ni kuongea na kukula mushahara." Video yenyewe ilikatwa, unaona tu pale meza zinaanza kupigwa na sauti za "mosyo! mosyo!" zinafunika ya kwake, swali lake halimo kabisa, na hakuna hata mumoja mwenye alitafuta plenyere nzima asikilize onorabule alitaka kujua nini. Iliniuma sana.

Nani hapa Lubumbashi atanionyesha pale mambo ya ndani inaishia na ya inje inaanzia? Agosti 2024 serkali ya Kinshasa ilikataza bia na sukre (soda) za inje kuingia, Zambia ikajibu kwa kufunga mipaka, Kasumbalesa, Mokambo, Sakania, vyote kwa mara moja. Ilichukua siku chache tu, lakini waulize bamama wa soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, vile walipita zile siku, waulize washofere wenye walilala ndani ya kamio na muzigo juu. Na mwaka ule ule Zambia ilipigwa na ukame mukali, mu Februari rais wao akatangaza ni janga la taifa, mahindi ikakuwa kidogo kwao na sisi wenye tunakula bukari ya mahindi ya kwao tukaisikia mu sahani. Sasa niambie, kukataza bia ya jirani ni mambo ya ndani ao ya inje? Depite mwenye angemuita waziri wa biashara ya inje mu plenyere na kestyo orale, swali la mudomo, ajibu mbele ya inchi yote, naye mungemwambia aongelee barabara?

Ile siku onorabule hakuwa anaomba ruhusa ya kuongea mambo ya wakubwa. Katiba ya 2006, artikle 214, inasema wazi mikataba ya amani, mikataba ya biashara, ile yenye kugusa makuta ya leta, haiwezi kuratifiwa bila sheria, na sheria inapita kwa depite na kwa senateri. Artikle 138 inamupa kestyo orale, kestyo ya maandishi, interpelasyo, komisyo ya uchunguzi. Makubaliano na Rwanda yalisainiwa na mawaziri wa mambo ya inje tarehe 27 Juni 2025, maraisi wakasaini ya kwao tarehe 4 Desemba 2025, na siku hiyo hiyo tukasaini tena na Marekani mukataba wa ushirikiano wenye ndani yake kuko mali ya udongo. Mali ya udongo ya nani? Shaba na kobalti haitoke Kinshasa. Inatoka Kolwezi, Likasi, Kipushi, Fungurume, inapita mbele ya nyumba zetu usiku na mavumbi yake. Kama kuko watu mu hii inchi wenye wanapaswa kutega masikio depite akiuliza juu ya ule mukataba, ni sisi.

Na hii hatuianze leo. Sicomines, ule mukataba wa shaba kwa barabara na Wachina, tulishaisahau? Convention na kampuni za China ilisainiwa Aprili 2008, depite wakaelezewa mu Mei, kisha sahihi kukauka. Wachina 68 kwa mia, sisi kupitia Gécamines, kampuni ya leta ya migodi, 32. Opozisyo ya wakati ule ilisema tunatoa mali mingi juu ya barabara na hospitali zenye bei yake hakuna mwenye ameionyesha, ikajibiwa kama wao ni maadui wa maendeleo, hawapendi watu wapate barabara. Ile hesabu ya dolari miliari 9 ilishuka ikafika 6 mu 2009, na mwenye aliishusha hakuwa Asamble yetu, ilikuwa FMI, ule mfuko wa dunia wa kukopesha mainchi wenye kukaa Washington, juu ya mambo ya deni. Ninarudia hii kila mara kwa vijana: mukataba juu ya shaba ya Kolwezi ulisahihishwa na watu wa Washington mbele hata sauti ya mutu wa Kolwezi haijasikiwa. Kisha mu Februari 2014 ikapigwa sheria ya kulinda zile exonerasyo zao za kodi. Miaka ikapita. Mu Februari 2023 IGF, wakaguzi wa makuta ya leta, ikatoa raporti, ikasema kwa dolari miliari 3 za barabara na majengo zenye zilihaidiwa, zenye zilitoka ni milioni 822. Ni lile lile swali lenye opozisyo iliuliza mu 2008! Ilihitaji miaka 15 mupaka inspekta wa leta akauliza kwa sauti nguvu, na mu Machi 2024 wakasaini upya, miliari 7 za majengo, lakini 68 na 32 zikabaki pale pale.

Fikiri kama ile 2008 watu wa Lubumbashi wangesimama nyuma ya wale depite, wakasema hapana, jibuni kwanza, tuonyesheni bei ya kilometa moja ya barabara, tuonyesheni shaba ngapi itatoka kila mwaka. Sisemi mukataba ungekufa. Pengine ungepita tu. Lakini ungepita na masharti, na leo mutoto wa Kolwezi angekuwa na karatasi ya kushikilia. Swali la depite mu plenyere linaandikwa, linabaki, waziri anashikwa na jibu lake mwenyewe, kesho mwandishi wa habari anaweza kulichukua, mwanasheria anaweza kulichukua. Njo sababu mazorite inapiga meza. Mutu hapige meza juu ya maneno ya bure.

Wenye umri wangu wanajua hii kazi iliwagarimu watu wa hapa kwetu. Wale wabunge 13 wenye waliandikia Mobutu barua ya kurasa 52 mu Novemba 1980 hawakuwa watu wa Kasai peke yake na Étienne Tshisekedi. Kyungu wa Kumwanza alikuwamo, mutu wa Katanga. Walikuwa ndani ya Bunge la chama kimoja, hakuna opozisyo yenye ilikubaliwa, na bado waliongea juu ya mauaji, wizi, na vile inchi inaongozwa. Walifungwa, wakatumwa mu vijiji mbali, na mu 1982 UDPS, chama chao cha opozisyo, ikazaliwa. Ninajua mutu wa Lubumbashi akisikia jina ya Kyungu anawaza ile miaka ya 90 akiwa gavana, familia za Wakasai zinalala mu gare ya Likasi wakingoja treni. Ile ilikuwa ubaya mukubwa, sitaifunika. Lakini ile barua ya 1980 nayo iliandikwa, na mashahidi yake ni historia.

Ao chukueni Kamerhe. Mu Januari 2009 askari wa Rwanda waliingia Kivu ya Kaskazini, operasyo Umoja Wetu, na yeye prezida wa Asamble, mutu wa chama cha rais, akasema mu radio kama hakuna mwenye alimujulisha. Ni hiyo tu! Mu Machi akatoka mu kiti. Hakuwa hata opozisyo, ndiyo, ilikuja kisha, lakini muone bei ya kuuliza swali moja juu ya mambo ya inje: askari wa inchi nyingine wameingia na Bunge halijui. Na nini kilikuja kisha kwa ndugu zetu wa Kivu munajua, Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu Februari. Force ya Afrika Mashariki ilikuja mu 2022 ikaenda mu 2023, ya SADC ikafwata nayo ikaenda. Kila moja iliingia na karatasi yake. Nani aliisoma mbele yetu?

Sawa, nitakubali kitu kimoja hata kama sipendi. Depite wa opozisyo wengi wametuchosha wenyewe. Desemba 2020 tuliona watu wenye walichaguliwa na FCC ya Kabila wanavuka kwenda Union sacrée ya rais Félix Tshisekedi kwa majuma machache, kura 281 zikaangusha Mabunda, prezida wa Asamble, na mu Januari 2021 kura 367 zikaangusha Ilunkamba, waziri wa kwanza, mu Asamble yenye watu 500 wenye wengi walikuwa upande mwingine mwezi mumoja mbele. Mutu akiniambia haamini tena mutu wa Palais du Peuple, kule Bunge linakaa, siwezi kumupigia kelele. Na wengine kweli wanakuja na maneno makali bila karatasi hata moja mukononi, wanatukana, wanaketi.

Tena siipendi ile tabia ya kutoka mu sale. Januari 2015 sheria ya uchaguzi yenye ilitaka kuhesabu watu kwanza mbele ya uchaguzi ilipita kwa depite tarehe 17 opozisyo ikiwa imesusia kura, na mwenye aliirudisha nyuma ni vijana mu barabara kuanzia tarehe 19, kwa damu yao, mupaka Senati ikakata ile sehemu. Heshima kwa wale vijana. Lakini depite tunamulipa abaki ndani, apige kura ya hapana, jina lake liandikwe.

Na ule wadhifa wa musemaji wa opozisyo, wenye sheria ya Desemba 2007 ilitengeneza, wamegombania mupaka miaka imeenda bure. Aibu yao hiyo.

Ile ya barabara sasa. Barabara za Katuba ni mbaya, ninapita mule, mvua ikinyesha unaacha viatu. Lakini makuta ya kutengeneza barabara yanatoka wapi? Yanatoka mu budje, na budje inategemea kodi ya migodi, na kodi ya migodi inaandikwa mu mikataba na watu wa inje. Depite mwenye anaongelea barabara bila kugusa mikataba anakuomba kura tu. Mwenye anauliza "muliandika nini na Wamarekani, exonerasyo iko ngapi, miaka ngapi, gari la moshi la kwenda Lobito litabeba shaba ghafi ao iliyosafishwa hapa" yeye anatafuta makuta ya barabara yako pale yalipo.

Vakansi ya parlema ikifika onorabule wanarudi kwa base, sheria inawaomba waje kutusikiliza. Mwaka huu tusiwangoje na maneno ya pagne na mufuko ya bunga. Mwenye ni wa opozisyo, tumuulize: texte kamili ya makubaliano na Marekani iko wapi, ulisoma yote, uliandika kestyo gani, tarehe gani, waziri alijibu nini, na kama hakujibu ulifanya nini kisha? Akuje nayo kwa Kiswahili, aisome mbele ya watu wa Kenya na Ruashi, bamama wakikaa mbele. Mwenye ni wa mazorite naye tumuulize kitu kimoja tu, aliipigia meza juu ya nini.