Mzazi hatunzwi kwa vipeperushi

Nikipigiwa simu kutoka Tanga na kuambiwa binti fulani kajifungua salama, baada ya kushukuru huuliza kwanza: yuko na nani? Jina la mtoto na kilo zake zitafuata. Hapa Leicester, Uingereza, ninakoishi, wakunga nao huuliza swali hilo, lakini mama akijibu "mume wangu, naye anarudi kazini Jumatatu", jibu linaandikwa na maisha yanaendelea. Hakuna mtu atakayekuja kwa sababu ya jibu hilo.

Maoni yangu, ambayo miaka ya kuishi huku imeyakomaza, ni kwamba kumwambia mjamzito au mama anayenyonyesha "jitunze" ni kumpa nusu ya ushauri. Mwanamke mwenye mshono, asiyelala, mwenye kichanga titini kila baada ya saa mbili, hana mkono wa ziada wa kujitunza nao. Yeye hutunzwa. Nchi niliyohamia inajua karibu kila kitu kuhusu mahitaji ya mwili wa mzazi, kisha inamwachia akayatimize peke yake. Kwetu tunajua kumzunguka mzazi, ila baadhi ya tunayomfanyia humo chumbani yanamwumiza.

Nianze na mazuri ya huku, maana wanaosema Ulaya hakuna utu wengi wao hawajawahi kubeba mimba huku. Mkazi wa Uingereza halipi chochote kwa kliniki wala kwa kujifungua katika hospitali za umma. Mjamzito hupewa cheti cha kupata dawa na matibabu ya meno bure mpaka miezi 12 baada ya kujifungua. Meno, ndiyo. Homoni za ujauzito hufanya fizi zivimbe na kutoka damu, na nyumbani sijui mjamzito hata mmoja aliyewahi kuelekezwa kwa daktari wa meno. Mkunga anakuja nyumbani siku za mwanzo, anampima mtoto, anamchoma kisigino kupata matone ya damu ya vipimo, anatazama mshono. Mwajiriwa ana haki ya likizo ya hadi wiki 52, na akitimiza masharti analipwa kwa wiki 39 kati ya hizo. Tanzania sheria inatoa siku 84, au 100 kwa aliyezaa pacha. (Sheria hiyohiyo inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha akiwa kazini, haki ambayo wengi wanaogopa hata kuitaja mbele ya bosi. Itajeni.)

Kwa wingi huo wa huduma ungedhani watoto wa huku wananyonya mpaka washibe. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa 2010 ulikuta watoto 81 katika 100 wakianza kunyonya, lakini wanapofika miezi sita, aliyekuwa bado kwenye maziwa ya mama pekee ni 1 katika 100. Tanzania, utafiti wa 2022 ulionyesha watoto 64 katika 100 walio chini ya miezi sita wakinyonya maziwa ya mama pekee. Hesabu hizi hazikupigwa kwa njia moja. Ya kwanza inatazama waliofika miezi sita, ya pili inajumlisha hata wa wiki moja. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kuelezwa na tofauti hiyo peke yake.

Mimi naamini sababu kubwa ni upweke. Maziwa hutengenezwa kwa kunyonywa, na hutoka pale homoni ya oksitosini inapoyasukuma. Maumivu na hofu huichelewesha homoni hiyo. Bibi yangu hakujua jina lake, lakini alijua kuwatoa watu wenye kelele chumbani, kumwegemeza mzazi kwenye mito, kumpa kikombe cha uji, halafu kumshika mtoto kichwa na kumsogeza mpaka titi limjae mdomoni, si chuchu tu. Mama wa huku chuchu zikimpasuka saa tisa ya usiku ana kipeperushi chenye picha safi za jambo hilohilo. Kipeperushi hakikosei. Tatizo ni kwamba anakisoma peke yake, kwa machozi, na kabati la jikoni lina kopo la maziwa ya unga.

Upweke huo hauishii kwenye maziwa. Ripoti za vifo vya wazazi Uingereza zimeonyesha mara kwa mara kwamba kuanzia wiki ya sita hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua, kujiua ndicho chanzo kikuu cha vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi. Wenyeji wameliona, na wanalo dodoso la maswali 10, linalojulikana kwa jina la Edinburgh, lililochapishwa 1987. Mama anaulizwa kama bado anaweza kucheka, kama analia ovyo, kama wazo la kujidhuru limewahi kumjia. Natamani dodoso hilo liwe kwenye kila kliniki ya kwetu, kwa sababu sonona ya uzazi ipo Tanga kama ilivyo Leicester. Kwetu huambiwa ana jini, au ana deko. Dada ambaye hataki kumtazama mwanawe, au hapati usingizi hata mtoto akilala, anahitaji kupelekwa hospitali kama anayetoka damu.

Sisi weusi wa huku tuna letu zaidi. Hatari ya mwanamke mweusi kufa kwa sababu za uzazi Uingereza imekuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mweupe, ripoti baada ya ripoti. Kwa hiyo ninawaambia wadogo zangu: usiende miadi peke yako. Ukisema kichwa kinauma sana, unaona nyota machoni, uso umevimba, na hukusikilizwa, sema tena, na uliyekwenda naye aseme. Hizo zinaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba, na huwa hazingoji adabu zetu za kutomsumbua daktari.

Sasa nyumbani. Mwanamke wa pwani akijifungua huingia uzazini, na kwa siku arobaini nyumba nzima inajua kazi yake. Kuna wa kufua, kuna wa kupika, kuna wa kumwogesha mtoto na kumkanda kwa mafuta ya nazi. Mzazi anafungwa mkaja, anafukizwa udi, analetewa uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji, bokoboko likipatikana, mchuzi wa samaki. Rafiki yangu wa Moshi ananiambia kwao ni mtori, na mzazi hukalishwa hata miezi mitatu. Tazameni pia jinsi hesabu zinavyokutana: Shirika la Afya Duniani huhesabu kifo cha mzazi hadi siku ya 42 baada ya mimba kumalizika, kwa kuwa huo ndio muda ambao mwili bado umo hatarini. Wazee wetu walisema arobaini.

Uholanzi wamelielewa jambo hili kuliko Waingereza. Huko bima ya msingi ya afya humpa mzazi mhudumu anayekuja nyumbani kwake kwa siku nane hivi. Ndugu yangu wa Rotterdam alimpata. Mhudumu yule alimpima joto, alimsaidia kunyonyesha, akafua, akasafisha bafu, akamvalisha mtoto mkubwa nguo za shule, na wageni walipokuja yeye ndiye aliyewakatiza muda wakaondoka. Nilipomsikiliza ndugu yangu nilimwona shangazi yangu, ila huyu ana cheti na mshahara. Kama taifa tajiri linalipia kazi hiyo, basi kina shangazi zetu wasiitwe washamba kwa kuifanya.

Lakini kina shangazi nao wanisikie, kwa heshima zote, shikamoo. Kumkandamiza mzazi tumbo kwa kitambaa kilichotoka kwenye maji yanayokaribia kuchemka kunaunguza ngozi, na kwa aliyefanyiwa upasuaji ni hatari kubwa kwa mshono. Maji ya uvuguvugu ya kuoga yanatosha. Jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa ili mzazi asipigwe na baridi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua mama na mtoto wakiwa usingizini. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, bado kuna wanaoyakamua na kuyamwaga, wakati ndiyo yaliyojaa kinga. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, hata Tanga mwezi wa pili. Na kumlaza mzazi kitandani kutwa kucha si kumpumzisha, maana damu inaweza kuganda miguuni. Atembee humo ndani, polepole, kila siku. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu sitazizungumza kwa upole: zimepasua vizazi vya wanawake.

Kuna na ule udongo wa pemba, ambao wajawazito wetu huutafuna kama peremende. Hamu yake mara nyingi huja na upungufu wa damu, halafu udongo wenyewe huzuia mwili usichukue madini ya chuma, kwa hiyo damu inazidi kupungua. Umetufuata hadi huku. Unauzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika kwa majina mbalimbali, na mamlaka za afya za Uingereza zimeonya wajawazito wasiule kwa sababu umekutwa na madini ya risasi na aseniki. Mwenye hamu hiyo aombe kupimwa damu. Vidonge vya FEFO, vya madini ya chuma na foliki, vinavyogawiwa kliniki Tanzania si vya kuweka kwenye mkoba. Ameze, tena mbali na chai, kwa sababu chai ya rangi pamoja na chakula hupunguza chuma kinachoingia mwilini, ilhali chungwa au ndimu hukiongeza.

Kwenye chakula ndipo ninapoona tunajidharau bure. Mama anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya nguvu ya kalori 500 hivi kwa siku, na hiyo si lazima itoke kwenye kopo la dukani. Maharage na wali, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, matembele, kunde, parachichi, yai ambalo baadhi ya koo bado zinamnyima mjamzito: hiyo ni meza ya mzazi. Tahadhari zipo mbili ambazo nimezijua zaidi huku. Papa, hata yule mkavu tunayempenda, hukusanya zebaki nyingi, na Uingereza humkataza mjamzito asimle kabisa. Maini nayo hukatazwa kwa wingi wa vitamini A, ingawa nyumbani ndiyo ya kwanza kupelekewa mwenye upungufu wa damu. Kwa tulio huku kuna na jua: ngozi zetu hazipati vitamini D ya kutosha chini ya mawingu haya, kwa hiyo kidonge cha mikrogramu 10 kila siku si anasa.

Jambo moja ningelitangaza kwa kipaza sauti sokoni kama ningekuwa nyumbani: asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mgongo wa mtoto usibaki wazi. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo baada ya mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua wana mimba. Anayengoja tumbo lionekane ndipo aende kliniki amechelewa kwa hilo, na mgongo wazi ni mzigo mzito kwa mtoto na kwa mama yake. Hapa wanawake huambiwa waanze mikrogramu 400 kila siku tangu wanapofikiria kushika mimba, wasiache mpaka wiki ya 12. Tanzania iliagiza unga wa ngano wa viwandani uwekewe foliki tangu 2011, na hilo ni jema, lakini anayekula ugali wa mahindi ya kijijini halimfikii.

Huku tunapoishi, kina mama wa Kiswahili wa mtaa wetu tumepanga zamu. Bibi zetu wananyimwa viza, au nauli hakuna, kwa hiyo sisi ndio shangazi. Mmoja akikaribia kujifungua, tunagawana siku: huyu analeta supu, huyu anachukua watoto wakubwa, huyu anakaa na kichanga saa mbili ili mzazi alale. Hakuna anayekwenda kumwona mtoto mikono mitupu, na hakuna anayeketi kungoja kuandaliwa chai. Simu ya mmoja wetu huachwa wazi usiku.

Waume wa huku wana wiki mbili za likizo ya uzazi. Waziunganishe na likizo yao ya mwaka, wajifunze kupika uji kabla ya siku yenyewe. Kenya sheria inampa baba wiki mbili pia. Tanzania inampa siku tatu. Maziwa ya mama huchukua siku mbili hadi nne kuingia sawasawa, matiti yakiwa yamejaa na kuuma, na mara nyingi ndizo siku ambazo mama hulia bila kujua sababu. Kwa sheria ilivyo, baba anaondoka kwenda kazini siku hizohizo. Wabunge wetu waibadilishe.