Kabla ya Muhula wa Saikolojia Mtandaoni, Isome Kwanza Sura ya Kumbukumbu

Kila mwaka udahili wa vyuo unapofunguliwa, hunijia maswali yaleyale kutoka kwa watu wanaotaka kusoma utangulizi wa saikolojia kwa njia ya mtandao. Wengi wao ni walimu, wauguzi na maofisa wa ustawi wa jamii ambao hawawezi kuacha kazi wakakae bweni, na wengine ni vijana waliomaliza kidato cha sita juzi tu. Huuliza kompyuta ya aina gani inafaa, kama simu janja itatosha, na bando la mwezi litawagharimu kiasi gani. Ni maswali ya msingi na nitayagusa, lakini ninaamini kwa dhati kwamba maandalizi yaliyo muhimu kuliko yote hayahusu kifaa. Saikolojia imechunguza kwa zaidi ya karne moja namna binadamu anavyojifunza na anavyosahau, kwa hiyo mwanafunzi anayeingia darasani bila kujua matokeo ya uchunguzi huo anajinyima msaada ambao somo lenyewe limemwekea tayari.

Tatizo liko katika mpangilio wa mada. Chukua kitabu cha saikolojia kinachotolewa na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice huko Texas, Marekani, ambacho mtu yeyote anaweza kukipakua na kukisoma bila kulipa hata senti. Kina sura 16. Ya kwanza inagusa historia, tangu maabara ya saikolojia aliyoifungua Wilhelm Wundt mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Ya pili ni mbinu za utafiti. Ya tatu ni ubongo na mfumo wa neva. Sura ya kujifunza ni ya 6, na ya kumbukumbu ni ya 8. Mhadhiri anayefuata mpangilio huo atafika kwenye kumbukumbu katikati ya muhula, wakati mwanafunzi amekwisha kufanya majaribio kadhaa kwa mbinu alizotoka nazo sekondari na alama zimekwisha kuingia kwenye mfumo. Ushauri wangu ni kwamba sura hizo mbili zisomwe kabla muhula haujaanza, hata kama mengine yote yatasubiri.

Ndani ya sura ya namna hiyo mwanafunzi atakutana na Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia utafiti yeye mwenyewe kwa kukariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akapima zimesalia kiasi gani kadiri muda ulivyopita. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema sana, zaidi ya nusu ndani ya saa moja, na kwamba kile kinachovuka siku za mwanzo hupotea polepole. Zaidi ya miaka 120 baadaye, mwaka 2006, watafiti wa kumbukumbu Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari wakisome. Kundi moja lilikisoma kwa vipindi vinne mfululizo. Jingine lilikisoma kwa kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki likaandika kila lilichokikumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40 tu, na waliojipima walikumbuka 61. Linalonigusa zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio walioamini kuwa wangekumbuka vizuri zaidi. Kila aliyewahi kubukua usiku kucha, akatoka asubuhi na uhakika kamili, kisha akaduwaa mbele ya karatasi ya mtihani, anaijua hali hiyo.

Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kujisomea wakazipa daraja la juu mbili tu: kujipima, na kuyagawa masomo katika siku tofauti. Kupaka mistari kwa kalamu ya rangi na kurudia kusoma madesa, mambo ambayo wengi wetu tuliyahesabu kuwa ndiyo kusoma kwenyewe, yaliangukia daraja la chini.

Nimemwona binti wa jirani yangu akiifanya kazi hii ya kujipima kama inavyotakiwa. Alisoma kurasa mbili kuhusu seli ya neva, akailaza simu kifudifudi, akachora kutoka kichwani katika daftari lake: matawi yanayopokea ujumbe, mwili wa seli, mkia mrefu unaousafirisha ujumbe huo. Aliporudi kwenye kitabu aliona ameiacha ala ya mafuta inayouzunguka mkia, pamoja na pengo dogo lililopo kati ya seli moja na nyingine. Aliyaongeza hayo mawili kwa wino mwekundu na kuandika tarehe pembeni. Siku chache baadaye alichora upya kwenye ukurasa mwingine bila kuutazama wa zamani, na wekundu ulikuwa umepungua. Hakuhitaji chochote zaidi ya daftari na kalamu mbili.

Mbinu hizi humfaa mwanafunzi yeyote, lakini anayesoma mtandaoni ndiye asiyeweza kuzikosa. Chuoni kuna mengi yanayomsaidia mtu bila yeye kupanga: ratiba inayomrudisha kwenye somo mara kadhaa kwa wiki, mhadhiri anayemwuliza swali ghafla, wenzake wanaobishana kwenye vimbweta. Mtandaoni mihadhara yote imerekodiwa, na hakuna anayemzuia mtu kuilundika mitatu au minne ikatazamwa usiku mmoja kabla ya jaribio. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kilikuwa kikiwafikia wanafunzi walio mbali muda mrefu kabla intaneti haijafika mitaani kwetu, na Kenya nayo ilipata chuo kikuu huria chake mwaka 2023. Njia zimeboreka, lakini kazi ya kujipangia siku za kurudia somo imebaki mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Vyuo vingi hutumia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, na programu yake ya simu huruhusu kupakua maandishi mtandao unapokuwa mzuri ili yasomwe baadaye bila bando. Jaribio lenye muda maalumu ni jambo jingine, kwa hiyo mwanafunzi ajue mapema atakaa wapi penye umeme na mtandao wa uhakika. Aulize pia, kabla ya kulipa ada, kama mtihani wa mwisho unafanyikia mtandaoni au unamlazimu kusafiri hadi kituoni.

Yapo pia matarajio ya kurekebisha. Wengi hujiandikisha wakidhani watafundishwa kusoma mawazo ya watu au kutoa ushauri nasaha, kisha wanakuta wiki za mwanzo zimejaa sampuli, vigeu (yaani mambo yanayobadilika na kupimwa) na uhusiano wa takwimu. Tuseme mtafiti amegundua kwamba miezi ambayo miavuli inauzwa sana ndiyo miezi ambayo wagonjwa wa malaria wanaongezeka. Mwavuli hauleti malaria. Mvua ndiyo inayoongeza mauzo na mazalia ya mbu kwa pamoja. Anayeielewa vizuri tofauti hiyo, kati ya mambo kutokea pamoja na jambo moja kusababisha jingine, kabla ya muhula atazielewa sura nyingi zinazofuata.

Mwanafunzi wa kwetu aingie pia na swali moja mdomoni: utafiti huu ulifanywa kwa nani? Uchambuzi wa mwanasaikolojia Jeffrey Arnett uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa katika majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, washiriki wengi walikuwa Wamarekani, ambao hawafikii hata asilimia 5 ya watu wote duniani. Swali hilo halina maana kwamba kitabu kizima ni cha wengine. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye jina lake halikosekani katika sura ya makuzi ya mtoto, alizifuatilia familia 26 za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akaona jinsi mtoto anayetambaa anavyokwenda kuchunguza vitu huku akimgeukia mama yake na kumrudia. Kazi hiyo ilitangulia utafiti wake maarufu wa watoto na mama zao huko Baltimore, Marekani, na ninatamani kila mhadhiri wa Afrika Mashariki aanzie hapo anapofundisha mada hiyo.

Sura za mwisho, zinazohusu magonjwa ya akili na tiba, zinahitaji maandalizi ya aina nyingine. Msomaji huanza kuziona dalili ndani yake mwenyewe, au kwa mara ya kwanza anapata maelezo ya yaliyompata mzazi au ndugu, na hayo yanaweza kumlemea akiwa peke yake na simu usiku. Wanaosoma chuoni hupita kila siku mbele ya mlango wa ofisi ya ushauri wa wanafunzi. Anayesoma akiwa nyumbani hapiti hapo, kwa hiyo aitafute namba ya ofisi hiyo wiki ileile anayojisajili, wakati bado hana haja nayo.