Msitu wa Luwero Unazidi Kujaa

Mwezi uliopita tulikuwa msibani hapa Bombo, tumekaa chini ya turubai tukingoja chai, jamaa mmoja mwenye kofia ya kijani iliyopauka akaanza kusimulia vita ya msituni ya Luwero. Alikuwa kadogo, yaani askari mtoto, alisema. Alibeba bunduki iliyomzidi urefu, akavuka mto Katonga, akaingia Kampala na wapiganaji wa Museveni Januari 1986. Vijana wa bodaboda wakamwongezea sukari kwenye kikombe. Mimi nikawa nahesabu. Huyu bwana tulisoma darasa moja, na nimemzidi mwaka mzima. Mwaka 1986 mimi nilikuwa natambaa.

Sikusema kitu. Msibani humuumbui mtu.

Sisi wa Bombo tumekulia mlangoni pa jeshi. Wanubi wengi wa hapa ni wajukuu wa askari wa Keya, lile jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, na Kiswahili tunakiongea sokoni na nyumbani bila kumtisha mtu. Kwingineko Uganda hali ni tofauti. Watu wengi wa rika la wazazi wetu walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kikiamrisha, na hofu ile haijaisha. Ndiyo maana tapeli wa kujifanya mwanajeshi hahitaji kitambulisho. Akibwata tu "Wewe, kuja hapa!" watu wanainamisha vichwa na kumwita afande. Sisi tunacheka pembeni, kwa sababu Kiswahili chenyewe amekiokota jana.

Tena haya si mambo mapya, na lazima niseme ukweli hata kama mhusika watu humhesabu kuwa wa kwetu. Idi Amin aliandikishwa Keya mwaka 1946, akaanzia jikoni kama msaidizi wa mpishi. Vita ya Burma ilikuwa imekwisha mwaka 1945. Hata hivyo Burma iliingia kwenye hadithi ya maisha yake, na alipokuwa rais akajibandikia herufi VC, ambazo kwa Waingereza ni nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, akaongeza na cheo cha mshindi wa dola lao zima. Kifua kilijaa medali. Waliokwenda Burma kweli ni wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope. Babu yangu alirudi kutoka huko. Kitu pekee alichowahi kutusimulia ni ruba.

Sasa, jamaa anayedanganya msibani ili aongezewe sukari, mimi namsamehe. Wamarekani walilifikisha suala hili Mahakama ya Juu yao, na mwaka 2012 mahakama ikaifuta sheria iliyomwadhibu mtu kwa kujidai tu kwamba ana nishani, ikisema hata uongo wa namna hiyo unalindwa na uhuru wa kusema. Mwaka uliofuata wakatunga nyingine, inayomshika yule anayedanganya ili apate fedha au faida. Naona hapo walipata. Kwetu sheria hutazama zaidi nguo: raia akikutwa na gwanda ana kesi, na mwaka 2019 hata kofia nyekundu iliingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi. Lakini hadithi haina kitambaa, hakuna anayeipekua.

Na hadithi hiyo inalipa. Kuna wanaojifanya maafande wenye nafasi za kuingiza vijana jeshini. Mama anauza ng'ombe, simu inazimwa. Halafu kuna akasiimo, ile shukrani ya fedha kwa raia waliowasaidia wapiganaji wa msituni kati ya 1981 na 1986. Hapo ndipo mimi hukasirika. Waliowasaidia wapiganaji wengi wao walikuwa wanakijiji. Mama aliyepika mihogo usiku akaipeleka porini hakupewa risiti. Aliyemficha majeruhi kwenye shamba la kahawa hakuombwa sahihi. Leo wakiitwa kuthibitisha, wanafika mikono mitupu, na mashahidi wao wako makaburini. Mwongo anafika na faili: barua ya mwenyekiti, muhuri, picha mbili za pasipoti, hata jina la kamanda amelikariri. Vipi asiwe na karatasi wakati amekuwa akijiandaa kwa karatasi maisha yake yote? Kila anayeongezeka kwenye orodha anamsogeza bibi yule nyuma, na bibi hana miaka mingi ya kungoja. Ukiwasikiliza wanaodai, utadhani msitu ule ulikuwa na watu kuliko Kampala.

Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika majina, ningeziweka faili kando kwanza, niende kijijini niulize: nani alipika? Wazee waliobaki wanajuana.

Turudi msibani. Kando yangu alikuwa amekaa mume wa shangazi, Muganda wa Semuto, aliyeishi msituni miaka mitatu na ana kovu la risasi begani ambalo watoto wake waliliona mara ya kwanza alipolazwa hospitali. Alisikiliza Katonga yote, hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa adabu. Kisha yule shujaa akamgeukia.

"Na wewe mzee, wakati ule ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nauza mkaa, mwanangu," akajibu, akanyoosha mkono kuomba sukari.

Ilikuwa imekwisha.