Kahawa Sawa, Lakini Tembe za Kisukari Msitupe

Nimechoka na hizi pakiti za "kahawa ya dawa". Jumapili tukitoka kanisani hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, jamaa alikuwa ametandika meza nje ya geti, amevaa koti jeupe kama daktari, anawahubiria akina mama kwamba kahawa yake inasafisha ini, inayeyusha kitambi na kumaliza ugonjwa wa sukari. Shangazi yangu, aliye kwenye metformin, dawa ya kisukari, akanunua boksi zima. Kisha ananiuliza, "Sasa hizi tembe niache lini?"

Ubaya ni kwamba huyo jamaa kuna mahali ameokota ukweli. Tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa hawapati kisukari cha aina ya pili sana kama wasioinywa, hata wale wanaokunywa iliyotolewa kafeini. Ugonjwa wa ini pia huonekana kidogo kwao. Haya, nimekubali. Lakini hao ni watu waliofuatiliwa miaka na miaka wakijinywea kahawa ya kawaida, na huenda wana mazoea mengine yanayowasaidia. Hata kama ni kahawa yenyewe, kumkinga asiyeugua si kumtibu anayeugua! Hakuna mtafiti aliyemwambia mgonjwa atupe dawa.

Halafu nikageuza pakiti nisome mgongoni. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Cha kwanza: sukari. Cha pili: krima ya unga. Kahawa ni ya nne, baada ya uyoga sijui wa wapi. Yaani mgonjwa wa sukari anauziwa sukari, na bei yake ingemnunulia unga wa ugali wa wiki nzima. Hongera, daktari.

Kama ni kahawa mnataka, si inalimwa hapo Subukia? Nunueni iliyosagwa, mchemshe, mchuje kwa karatasi kama mna kolestro, msitie sukari. Wajawazito wapunguze. Shangazi ameionja, akasema ni chungu, akamaliza kikombe, akameza tembe yake.

Jambo lingine. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiondoa kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, lakini likaonya kuhusu kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi, kwa sababu ya saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Huku kwetu Bonde la Ufa na magharibi ugonjwa huo tunaujua vizuri mno, na bado mgeni akipewa chai isiyomuunguza ulimi anaona amedharauliwa. Iacheni ipoe kwanza, jamani.