Herufi Nane na Farasi Aitwaye Diwani

Kwa muda wa miaka mitatu, kila nilipofunga hesabu za duka la vifaa vya ujenzi ninalolitunzia vitabu pale Kariakoo, nilirudi nyumbani Temeke, nikala, nikanawa, kisha nikaketi na simu yangu kutazama farasi. Simaanishi farasi wa mbio, ambao hata mtoto anaweza kuwashabikia kwa kuwa kazi yao ni moja tu ya kutangulia wenzao. Namaanisha farasi wa dresaji, mchezo ambao mpandaji humwongoza farasi katika vitendo vilivyopangwa na jaji akatoa alama, wale wanaonyanyua miguu kana kwamba ardhi ina moto, wanaovuka uwanja kwa ubavu, na wanaosimama kimya mbele ya jaji kama bwana harusi anayesubiri kuulizwa ikiwa ameridhia. Mke wangu aliuita mchezo huo ngoma ya farasi, na kila aliponikuta nikiutazama alinikumbusha kwamba bomba la jikoni bado linavuja.

Nilikuwa na mbegu zangu nilizozipenda, na nilizipanga kwa daraja. Juu kabisa nilimweka Hanoverian wa Ujerumani, ambaye shamba lake la kuzalishia lipo mjini Celle tangu mwaka 1735, lilipoanzishwa kwa amri ya George II, mfalme wa Uingereza ambaye pia alikuwa mtawala wa Hanover. Nyuma yake alifuata Lusitano wa Ureno, mwenye pua iliyopinda kidogo kama ya kondoo dume na wepesi wa kugeuka alioupata kwa kupambana na mafahali. Wa tatu alikuwa Lipizzaner, ambaye asili yake ni shamba la Lipica lililoanzishwa mwaka 1580 mahali ambapo leo ni Slovenia, na ambaye huzaliwa mweusi au wa kahawia, kisha hugeuka mweupe taratibu kadiri anavyokua. Nilipomweleza mke wangu jambo hilo la rangi, alinitazama kichwani kwa muda mrefu, akasema kwamba kumbe amekuwa akiishi na mmoja wao bila kujua.

Valegro sikumpanga popote, kwa sababu yeye nilimweka peke yake. Huyu ni farasi wa mbegu ya Kiholanzi aliyepandwa na Charlotte Dujardin wa Uingereza, akanyakua dhahabu kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na mwaka 2014 akapata asilimia 94.3 katika dresaji ya muziki, ambayo ni rekodi ya dunia. Alama hizo nilizitaja nyumbani mara nyingi kiasi kwamba binti yangu, aliporudi na 81 za hisabati, alitangulia kuniomba nisimlinganishe na farasi.

Aliyechoka kabla ya wote alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni dereva wa bajaji na hana subira na mtu anayesifia chombo ambacho hajawahi kukiendesha. Siku moja, nikiwa katikati ya kueleza tofauti ya magoti ya Hanoverian na ya Mfrisia, mbegu nyingine ya Uholanzi, aliweka kikombe chini akasema, "Shemeji, Jumamosi unatimiza miaka hamsini. Mimi na dada tumechanga. Tunakwenda Kigamboni, unapanda." Sikuwa na pa kutokea, kwa sababu mke wangu alikwisha kulipa.

Kwa kuwa siwezi kufanya jambo nusu, Ijumaa usiku nilitengeneza uwanja. Uwanja mdogo wa dresaji una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, na pembeni yake huwekwa herufi nane ambazo, ukizunguka kwa kuanzia lango la kuingilia, husomeka A, K, E, H, C, M, B na F. Katikati kuna X, ambayo haiandikwi popote bali mpandaji anatakiwa kuijua moyoni. Nilikata maboksi ya vigae, nikaandika kila herufi kwa rangi nyekundu iliyobaki dukani, na asubuhi nikayabeba kwa mpangilio wake. Kwenye pantoni aliketi kando yangu mama mmoja mwenye ndoo ya samaki wa Feri, akayasoma maboksi yale kutoka mwanzo hadi mwisho, akayarudia, kisha akauliza kwa sauti ya kutojali, "Baba, hiki chama kipya kimesajiliwa lini?"

Mabanda ya farasi yalikuwa nyuma ya minazi, hatua chache kutoka ufukweni. Kijana aliyewahudumia, ambaye kwa Kiswahili cha zamani angeitwa saisi, alitupokea vizuri, akatuonyesha jinsi milango ya mabanda inavyofungwa mapema jioni ili kuwazuia visubi, wale wadudu wadogo mno wanaosambaza tauni ya farasi, ugonjwa ambao, ukichanganya na ndorobo wa porini, umefanya wengi wetu tukue bila kumwona farasi isipokuwa amebeba askari. Kisha akaniomba nipande kwenye mzani wa kupimia magunia ya pumba. Kanuni inayofuatwa na wengi, alisema, ni kwamba mpandaji na tandiko wasizidi karibu asilimia 20 ya uzito wa farasi. Akasoma mzani, akanitazama tumbo, akafunga mlango wa banda la kwanza, akafunga la pili, akafunga la tatu, akafungua la mwisho kabisa.

Aliyetoka humo alikuwa dume mpana wa rangi ya majivu, mwenye mgongo kama meza ya karamu. Nilizunguka mara mbili nikiwa nimeshika kidevu. Pua ilipinda kidogo, shingo ilikuwa nene, kwa hiyo nilitangaza mbele ya familia yangu kwamba huyu bila shaka ana damu ya Lusitano, na kwamba macho yenye uzoefu huliona jambo hilo upesi.

"Anaitwa Diwani," alisema kijana.

"Kwa nini Diwani?"

"Utaona mwenyewe, mzee."

Tulizipanga herufi mchangani kwa hatua zangu. Kabla hatujamaliza, mbuzi wa jirani alikuwa amekwisha kuila K, lakini nilisema dresaji haiharibiki kwa herufi moja. Shemeji aliketi kwenye kiti cha plastiki pale C, mahali pa jaji, akiwa na karatasi niliyomwandalia, yenye safu ya alama kuanzia 0 hadi 10, na nilimweleza mara mbili kwamba sifuri haina maana ya vibaya sana. Sifuri ina maana kwamba kitendo chenyewe hakikutekelezwa. Mke wangu alisimama mbali kidogo, chini ya mnazi, na simu ikiwa tayari.

Mpango ulikuwa rahisi: ningeingia kwa A, ningekwenda moja kwa moja katikati ya uwanja, ningesimama X, ningemsalimu jaji. Kijana alitaka kushika kamba ya kumwongozea farasi, nami nikamwomba aiachie, kwa kuwa sikumbuki kumwona Dujardin akiongozwa kwa kamba. Alinitazama, akamtazama mke wangu, mke wangu akainua mabega.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kueleza kitu ambacho miaka mitatu ya kutazama haikunifundisha. Kutoka chini, farasi ana urefu wa kawaida. Kutoka juu, ana urefu wa ghorofa. Nilipoketi nikatazama chini na kuuona mchanga ulivyo mbali, miguu yangu, bila kuniomba ruhusa, ilimbana Diwani mbavuni kwa nguvu zote kama mtu anayekwea mnazi. Na katika lugha ya farasi, kubanwa mbavuni kwa miguu yote miwili kuna maana moja tu: nenda.

Diwani alikwenda. Aliingia kwa A kwa mwendo wa telki, ule wa haraka unaorusha, na kwa bahati mbaya nilikosana naye wakati, hivi kwamba kila nilipokuwa nashuka, tandiko lilikuwa linapanda. Tulipokutana, tulikutana vibaya. Maumivu yaliongeza hofu, hofu ikaongeza kubana, na kubana kukaongeza mwendo. Nilivuta hatamu, lakini kwa kuwa visigino vilikuwa bado vinasema nenda, Diwani alipima maagizo hayo mawili akachagua lile lililompendeza. X tuliipita. Niliwahi kumwona shemeji akinyanyuka na kiti chake pamoja, karatasi mkononi, akaruka upande wa M. Kisha C ikapita chini yetu, ikafuata nazi moja, ikafuata kamba ya nguo, tukatokea barabarani.

Kule barabarani alikuwepo muuza juisi ya miwa. Mashine yake ilikuwa inanguruma, ndimu na tangawizi zimepangwa juu ya beseni, na mzigo wa miwa mizima umeegemezwa kwenye mkokoteni. Diwani alisimama. Nami, hata katika hali ile, niligundua kwamba alikuwa amesimama kisawasawa: miguu ya mbele imelingana, ya nyuma imelingana, uzito umegawanyika pande zote nne, jambo ambalo majaji hulitafuta na wapandaji wengi hulikosa. Nilirushwa mbele nikakumbatia shingo. Kisha nikasikia mua ukivunjika.

"Mzee, umelipia?" aliuliza muuza juisi.

Watu walijaa kwa kasi ambayo hujaa kwenye ajali. Madereva wa bodaboda walizima injini zao ili wasikose neno. Mmoja alinishauri niweke gia ya nyuma, mwingine aliuliza kama chombo kina bima, na wa tatu, mtu wa heshima mwenye kanzu, alinipa pole kana kwamba tuko msibani. Kushuka nisingeweza, kwa sababu nilikuwa nimesahau ni mguu upi unaoanza. Inzi walipomsumbua, Diwani alikanyaga pale pale alipo, mguu huu, mguu ule, bila kusogea, kitendo ambacho Wazungu hukiita piafe na ambacho farasi wa kawaida huchukua miaka kujifunza. Nilitamani kumweleza mtu jambo hilo. Sikuona wa kumweleza.

Kijana alikuja akitembea, hakukimbia, akiwa na ndoo ya pumba. Kwanza alihesabu miwa, mitatu na nusu, akakunja uso kwa sababu sukari nyingi huweza kumletea farasi maradhi ya kwato. Ndipo akanishusha, kwa mikono miwili, kama mtoto anavyoshushwa kwenye daladala.

"Amenikaidi," nilimwambia.

"Hapana, mzee. Amekutii. Umembana, amekwenda. Ukambana zaidi, akaenda zaidi. Wale wa kwenye simu yako wanasikia hata ukitikisa kidole cha mguu. Ungepanda mmoja wao leo, saa hizi tungekuwa tunakutafuta Kimbiji."

Mke wangu alikuwa amefika, machozi yakimtoka kwa kucheka, simu bado inarekodi. Alimlipa muuza juisi shilingi 12,000, kisha akamwuliza kijana, kwa upole ambao sikuuamini, kama ni kweli farasi huyu ana damu ya Ureno.

"Ureno?" Kijana alimpangusa Diwani mdomo. "Huyu alikulia Turiani, Morogoro, pembeni ya mashamba ya miwa. Baba yake hajulikani. Ndiyo maana tunamwita Diwani: hana safari mpaka aone kuna kitu mbele."

"Basi ni mbegu ya Mtibwa," alisema mke wangu, akikitaja kiwanda cha sukari cha huko Turiani, na hilo ndilo jina linalotumika nyumbani kwetu mpaka leo kila ninapofungua simu.

Shemeji alinikabidhi karatasi yake tulipofika kivukoni. Kuingia kwa A alikuwa ametoa 7. Kusimama X alikuwa ametoa 0, na pembeni ameandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, "Hakikutekelezwa." Chini yake alikuwa ameongeza safu yake mwenyewe: "Kusimama kwa muuza miwa, 10."

Pantoni ya jioni ilikuwa na nafasi nyingi, na yule mama wa samaki alikuwemo akirudi, ndoo tupu miguuni. Alihesabu maboksi niliyoyabeba, akasogea kwenye benchi ili nikae, nami nikamshukuru nikamwambia nipo sawa tu nilivyosimama.

"Vipi, baba, chama kimeendeleaje?"

"Tumepoteza K," nilimjibu.